Kikasha Ni Chaja Isiyolala: Kuchaji Visikizi Visivyotumia Waya Bila Kuichosha Betri Mapema

Wateja wanaotuletea visikizi visivyotumia waya kwa matengenezo husimulia kisa kimoja kwa maneno yanayofanana: vilipokuwa vipya vilidumu saa tano masikioni, sasa havifikishi saa mbili, na cha upande mmoja huzima kabla ya mwenzake. Wengi huwa wamekwisha kujihukumu hata kabla hatujafungua kitu. Mmoja anasema aliviacha kwenye umeme usiku kucha, mwingine anasema alitumia chaja ya simu yenye nguvu kubwa mno. Kwa tunavyoona sisi mezani, makosa hayo mawili hulaumiwa kuliko yanavyostahili, ilhali yale yanayoimaliza betri kweli, hasa joto na kuachwa tupu kwa muda mrefu, hayatajwi kabisa.

Tuanze na ukubwa wa betri yenyewe, kwa sababu mengi yanatokana na hapo. Betri ya simu ya siku hizi huwa na uwezo wa takriban miliampea-saa 4,000 hadi 5,000, lakini ile iliyomo ndani ya kisikizi kimoja kwa kawaida ina kati ya 30 na 60 tu, na kikasha kinachovihifadhi kina mia kadhaa. Simu ikipoteza robo ya uwezo wake bado inaweza kumfikisha mwenye nayo jioni. Kisikizi kikipoteza robo hiyohiyo, pengo huonekana mara moja, kwa kuwa sauti hukatika katikati ya mazungumzo.

Betri ya ioni za lithiamu huchakaa kwa njia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni matumizi: baada ya mizunguko ya chaji ipatayo 300 hadi 500, betri nyingi za aina hii hubakiwa na asilimia 80 hivi ya uwezo wa awali. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama imetumika vipandevipande, kwa hiyo aliyetumia nusu leo akajaza, na kesho akatumia nusu nyingine, amekamilisha mzunguko mmoja wala si miwili. Kuchaji mara nyingi kidogokidogo, basi, hakuongezi uchakavu. Lakini hesabu ya matumizi yenyewe haina huruma: mtu anayesikiliza saa nne kila siku kwa visikizi vinavyodumu saa tano humaliza mizunguko minne katika kila siku tano, yaani karibu 290 kwa mwaka, na visikizi vyake vikianza kuchoka kabla ya mwaka wa pili kwisha hilo si ajabu wala si ubovu wa kiwandani.

Njia ya pili ni umri. Betri huzeeka hata ikiwa imekaa tu, na huzeeka haraka zaidi inapokaa imejaa mahali penye joto. Ikijaa, seli moja hufikia volti 4.2 hivi, na katika hali hiyo kemikali zake huathiriana kwa wepesi zaidi, huku utando mwembamba unaojijenga juu ya elektrodi hasi (ncha hasi iliyo ndani ya betri) ukiendelea kunenepa na kula lithiamu ambayo ingebeba umeme. Hapa ndipo visikizi vinapotofautiana na simu. Simu hutumia sehemu kubwa ya siku chaji yake ikishuka kutoka juu kwenda chini, ilhali kisikizi hurudishwa kikashani kila kinapovuliwa, na kikasha hukijaza papo hapo bila kuulizwa, kiwe kimechomekwa kwenye umeme au la. Kikasha ni chaja isiyolala, na kwa sababu hiyo kisikizi huishi sehemu kubwa ya maisha yake kikiwa kimejaa pomoni.

Je, visiwekwe kikashani? Viwekwe. Kisikizi kilichoachwa mezani au kutumbukizwa mfukoni aghalabu hubaki kimewaka na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth, kikijimaliza chenyewe, na mfukoni kinaokota vumbi linaloziba pini na wavu wa spika. Tunachoshauri ni kuangalia kwenye programu kama kuna mpangilio wa kulinda betri. Baadhi ya visikizi, AirPods Pro zikiwa mfano mmoja, vinaweza kujifunza ratiba ya mtumiaji na kuchelewesha kujaza kupita asilimia 80 mpaka wakati wa kuvihitaji ukaribie. Kama mpangilio huo upo, uwashwe. Kama haupo, kuhangaika na asilimia ni kujisumbua bure, na ni afadhali juhudi zielekezwe kwenye joto, ambalo mtumiaji analiweza.

Kuhusu joto hatuna lugha laini. Apple inataja nyuzi 0 hadi 35 za Selisiasi kuwa mazingira yanayofaa kutumia AirPods, na maelekezo ya watengenezaji wengine hayaendi mbali na hapo. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani hupita kiwango hicho kwa urahisi, na dashibodi yake hupita zaidi. Kikasha kilichojaa chaji kikiachwa humo kila mchana hupata madhara mawili kwa pamoja, kujaa na kuungua, na hakuna namna ya kuchaji itakayorudisha kilichopotea. Vivyo hivyo kwa anayechaji kikasha chini ya mto, juu ya kompyuta inayochemka au kwenye dirisha linalopigwa na jua. Kuchaji kwenyewe huzalisha joto, nalo linahitaji pa kutokea. Kuchaji bila waya, kwa kuweka kikasha juu ya kisahani, huzalisha joto zaidi kuliko kebo kwa sababu sehemu ya nishati hupotea njiani, hasa kikasha kisipokaa sawasawa katikati. Si kosa kutumia kisahani, ila ukigusa kikasha ukakikuta kimepata moto, kisogeze vizuri au rudi kwenye kebo. Baridi kali nayo ina madhara yake: betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, kwani lithiamu huganda juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake. Aliyetoka kwenye baridi ya namna hiyo aache vifaa vizoee joto la chumba kwanza.

Turudi kwa wale waliojihukumu. Kikasha kilichochomekwa usiku kucha hakiendelei kusukumiwa umeme mpaka asubuhi, kwa sababu sakiti ya ndani hukata mkondo betri inapojaa. Kinachobaki ni zile saa za kukaa kimejaa, ambazo ni uchakavu mdogo usiofaa kumkosesha mtu usingizi, mradi chumba hakina joto. Chaja yenye nguvu kubwa pia haikilazimishi kikasha kupokea kisichokitaka: kikasha huanza na volti 5 na kuvuta mkondo kinaouhitaji, hata kama chaja ina uwezo wa wati 65. Chaja ya kuogopwa ni ile iliyotengenezwa hovyo, isiyoweza kushika volti hizo 5 bila kuyumba.

Ushauri wa kusubiri chaji iishe kabisa ndipo uchomeke ni urithi wa betri za nikeli na kadimi, ambazo kweli ziliweza kupoteza uwezo zikichajiwa kila mara kabla ya kuisha. Sony ilianza kuuza betri za ioni za lithiamu mwaka 1991, na kwa betri hizi ushauri huo ni sumu. Seli iliyoshuka chini sana na kuachwa hivyo kwa wiki kadhaa huendelea kuvuja kidogokidogo mpaka shaba iliyo ndani yake ianze kuyeyuka, na sakiti ya ulinzi huweza kukataa kabisa kuichaji tena. Visikizi vilivyosahauliwa droo kwa miezi sita vikiwa vitupu ni miongoni mwa kazi zinazotusikitisha, maana mara nyingi vilikuwa havijatumika hata mara hamsini. Anayejua hatavitumia kwa muda aache kikasha kikiwa na nusu ya chaji hivi, akiweke mahali pakavu penye ubaridi wa kawaida, na akikumbuke kwa kukiongeza chaji kidogo kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Kisikizi kimoja kuzima kabla ya kingine mara nyingi si betri mbovu. Katika visikizi vingi maikrofoni ya upande mmoja ndiyo hutumika wakati wa simu, na upande huo hufanya kazi zaidi. Mtu anayezungumza sana huku amevaa kimoja tu huuchosha upande huo mwaka mzima, kwa hiyo abadilishe upande mara kwa mara. Kuondoa kelele za nje pia hula chaji, na hakuna haja ya kukuacha kumewaka chumbani palipo kimya.

Sababu nyingine ya upande mmoja kuonekana umekufa ni uchafu, na hii tunaitibu kwa dakika chache. Pini ndogo zilizo ndani ya kikasha na vidoti vya chuma kwenye kisikizi hufunikwa na nta ya sikio, jasho na mafuta ya ngozi, kisikizi kikakaa usiku mzima bila kupokea kitu huku mwenye nacho akiamini kinachaji. Kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, kisha kikafuatwa na kikavu, kinatosha. Sindano na kisu vikae mbali. Aliyetoka mazoezini afute visikizi na kuviacha vikauke kabla ya kuvirudisha, kwa sababu unyevu wenye chumvi pamoja na umeme wa pini huota kutu haraka. Maandishi ya kustahimili maji yaliyo kwenye boksi mara nyingi yanahusu visikizi tu, si kikasha.

Kuna tatizo jingine linaloonekana kama kifo cha betri ilhali ni la kebo. Vikasha vingi vya bei nafuu vina tundu la USB-C lakini watengenezaji wake waliacha rezista mbili ndogo za kiloohm 5.1 ambazo huijulisha chaja kwamba kuna kifaa kinachosubiri umeme. Kikasha cha namna hiyo kikiunganishwa kwa kebo yenye USB-C pande zote mbili, chaja hukaa kimya na taa haiwaki. Kikiunganishwa kwa kebo ya zamani yenye USB-A (kile kichwa bapa kikubwa) upande wa chaja, kinachaji kama kawaida. Jaribu hilo kwanza kabla ya kubeba kikasha kwenda kwa fundi.

Ikiwa kikasha kimevimba, kifuniko hakifungi vizuri au kuna harufu tamu isiyo ya kawaida, usikichaji, usikibonyeze wala kukitoboa; kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto, ukilete.

Kuhusu kubadilisha betri tunasema ukweli mapema. Visikizi vingi vimefungwa kwa gundi na kuvifungua ni kuvivunja, ingawa baadhi hutumia betri za mviringo kama kitufe ambazo hubadilishika kwa mkono uliotulia. Fairphone, kampuni ya simu ya Uholanzi, ilitoa mwaka 2024 visikizi ambavyo betri zake, pamoja na ya kikasha, hutolewa na mtumiaji mwenyewe, na kanuni ya Umoja wa Ulaya itakayoanza kutumika tarehe 18 Februari 2027 inataka betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kuondolewa na mtumiaji, isipokuwa kwa vifaa vilivyosamehewa. Unapokuja kwetu, leta visikizi vyote viwili, kikasha na kebo unayotumia siku zote, hata kama unaamini mwenye kosa ni kimoja tu, na usivisafishe siku hiyo. Tunapenda kuona pini jinsi zilivyo kabla hatujagusa betri.