Kijana wa ovaroli ya buluu, asante

Ulikuwa Kirinyaga Road, Nairobi, Jumamosi jioni, na jina sikukuuliza. Redio yangu mpya ya skrini ya kugusa ilikuwa ikisahau kila kitu nikizima gari: saa, stesheni, hata lugha. Aliyeifunga aliniambia eti ndivyo zilivyo za bei nafuu. Wewe uliichomoa, ukanionyesha: waya wa manjano, unaotakiwa kupata moto wa betri saa zote, ulikuwa umebadilishana na mwekundu wa swichi. Ukazigeuza, ukazungushia tepu, kisha ukaitoa antena ya GPS (ile ya kunasa setilaiti ili ramani ijue nilipo) nyuma ya chuma ukaibandika juu ya dashibodi, karibu na kioo. Mia tano ukakataa, soda ukakubali (tena ya baridi, ulisisitiza). Jana ramani ilinifikisha Rongai bila kunizungusha. Asante sana, kijana wangu.