Kamera za ulinzi zimetugawa katika jengo letu: niweke sahihi au nikatae?

Ndugu Mshauri,

Ninaishi Upanga, Dar es Salaam, katika jengo la ghorofa nne lenye ngazi moja na geti moja, ambamo baadhi yetu tunamiliki fleti zetu na wengine ni wapangaji. Mimi ni mmiliki, na pia ni katibu wa kamati ya wakazi. Kamati inanitaka niweke sahihi kwenye kanuni za kamera za ulinzi kabla ya mkutano wa Jumapili ijayo, na nimekwama.

Kwamba tunaibiwa, hilo halina ubishi. Vioo vya pembeni vya magari vimenyofolewa uani, mitungi ya gesi imebebwa kwenye korido, na pampu ya maji iling'olewa usiku, ikatubidi kununua maji ya boza hadi michango ya pampu mpya ilipotimia. Kwa hiyo kamera zilipopendekezwa niliunga mkono na nikachanga kama wenzangu. Ile ya getini na ile ya maegesho hazijamkera mtu, isipokuwa labda mlinzi, ambaye siku hizi halali.

Mgogoro uko kwenye zile za ndani. Fundi alifunga moja katika kona ya korido ya kila ghorofa, kwa maelezo kwamba hapo ndipo waya ulipofika kwa urahisi, na kutoka konani humo kamera huona milango yetu ikifunguliwa na sebule hadi kwenye makochi. Ile ya ghorofa ya pili inatazama moja kwa moja dirisha la jiko la mama mmoja mjane, ambaye huamka alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Mama huyo hajagombana na mtu. Ametundika kanga dirishani, na sasa anakaanga katikati ya moshi.

Mashine ya kurekodia iko nyumbani kwa mwenyekiti, na picha huonekana pia kwenye simu yake, ya mweka hazina na ya mlinzi. Mwezi uliopita video ya binti mpangaji akiingia na mgeni saa tano usiku ilirushwa kwenye kundi letu la WhatsApp, pasipo wizi wala fujo yoyote, ikiwa na maneno "tuangalie maadili ya jengo letu". Ilifutwa baadaye, lakini tulikwisha kuiona sote, na hakuna aliyekiri kuirusha.

Nilimwendea mwenyekiti, mtu mzima ninayemheshimu na anayelitumikia jengo hili bila malipo. Alinijibu, "Mwanangu, anayeogopa kamera ni mwizi." Mweka hazina yeye anashikilia kwamba wapangaji hawana kauli, kwa kuwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawakabidhi wamiliki maeneo ya pamoja. Ngazi ni eneo la pamoja, nakubali. Jiko la mtu je?

Nimesoma pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo bayana, zisitumike kinyume na lengo hilo, zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika, na anayezikusanya ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nilipoitaja kikaoni niliambiwa hiyo ni ya mabenki na kampuni za simu. Rasimu ninayotakiwa kuisaini haisemi nani anaruhusiwa kutazama picha, zikae siku ngapi, wala atafanywa nini anayezisambaza; inachosema ni kwamba mkazi atakayeziba au kugeuza kamera atatozwa faini.

Nimependekeza kamera za korido zigeuzwe zitazame ngazi tu, na mashine ihamishiwe chumba cha mita chenye kufuli, ifunguliwe mbele ya watu wawili pale tu tukio linaporipotiwa. Wanaopinga si wabaya wote. Jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye mlango wake ulivunjwa mchana kweupe watoto wakiwa shuleni, aliniambia kwamba faragha ni anasa ya ambaye hajaibiwa, na sikupata la kumjibu. Iwapo kamera zitageuzwa kwa ushawishi wangu kisha akavunjiwa tena, najua nitanyooshewa mimi kidole.

Naomba ushauri wako, na wa wasomaji waliowahi kuishi na jambo hili. Je, sheria hiyo inaigusa kamati ndogo kama yetu? Wapangaji wana haki ya kupinga kamera inayotazama mlango wao, hata kama hawapigi kura? Na mimi nifanyeje Jumapili: nisaini kwa sharti la kurekebisha rasimu baadaye, nikatae mbele ya mkutano, au niwahi kwanza ofisi ya serikali ya mtaa kabla mambo hayajafika kwenye Tume?

Wako,
Katibu, Upanga