Ile bunduki ya Wajapani haikukatwa tu katikati

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kwenye makala yenu ya silaha za vita vya pili vya dunia mmeandika kwamba Wajapani walichukua bunduki ya kawaida wakaikata vipande viwili ili askari wa miavuli aruke nayo, basi, mkaendelea na mengine. Hapana jamani. Mimi ni mkerezaji, kutwa nashughulika na viungo vya vyuma vinavyopigwa na mtikisiko, na hapo mlipopita haraka ndipo kazi yenyewe ilipo.

Shida yao ilikuwa ya kweli. Tarehe 14 Februari 1942 askari wa miavuli wa Japani waliangushwa Palembang kule Sumatra wateke uwanja wa ndege na viwanda vya kusafishia mafuta, bunduki zao zikashushwa peke yake kwenye makontena, sasa mtu katua huku silaha yake ipo vichakani huko haioni, ikabidi wengi waanze kupigana na bastola na mabomu ya mkono huku wanazitafuta. Wajerumani nao yaliwakuta hayo hayo Krete mwaka 1941. Kwa hiyo lazima mtu aruke na bunduki yake mwilini, ila ina zaidi ya mita 1, ataiweka wapi?

Kuna waliyoiwekea bawaba kwenye kitako, pale pembamba mkono unaposhika, kikawa kinakunjwa ubavuni. Hiyo haikufika mbali. Nyingine ndo Aina ya 100, hii mtutu unachomoka kabisa, ukitaka kuurudisha unauchomeka unauzungusha kidogo tu unashika, maana uzi wake, yaani yale meno ya skrubu, umekatwa-katwa kama wa mlango wa nyuma wa mzinga. Kwa macho ni nzuri sana. Lakini fundi yeyote atakwambia, uzi unaofunguliwa na kufungwa kila siku unalika, na ukishalika hivyo huna pa kuukazia tena. Na kwenye bunduki hapo ndo pabaya kuliko pote, kwa sababu bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, imebaki kipande cha nyuma, na chemba, pale risasi inapokaa, imeondoka na mtutu, yaani ule mwanya kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi unategemea hicho kiungo tu. Kiungo kikilegea ganda linaweza kupasuka na moshi wa moto ukamrudia mpigaji usoni. Wakatengeneza mia chache wakaachana nayo.

Sasa njoo Aina ya 2, inaitwa hivyo kwa tarakimu ya mwisho ya mwaka 2602 wa kalenda yao, ambao ni 1942 wetu. Hapa waliacha habari za uzi wakatumia kabari! Mtutu unaingia moja kwa moja bila kuzungushwa, halafu kabari ya chuma inapita kwa ubavuni kwenye nafasi iliyochongwa, inavutwa ndani kwa skrubu yenye kipete cha kukunjwa, hutaki spana wala bisibisi, vidole tu vinatosha hata usiku. Na uzuri wa kabari ni huu, upande mmoja mwembamba mwingine mnene, kwa hiyo chuma kikilika kidogo yenyewe inaingia ndani zaidi na inabana vilevile. Aliyefikiria hivyo alikuwa anajua chuma kinavyozeeka. Risasi yake ni ileile nzito ya milimita 7.7, hawakuipunguza nguvu ili kukiokoa kiungo, na kiwanda cha Nagoya kilitoa karibu 20,000.

Siwasifii vita yao, walivamia nchi za watu na watu waliumia sana. Nasema kazi ya fundi isemwe ilivyo. Tena ilikuja imechelewa, miruko yao mikubwa ya 1942 ilikuwa imeshapita, na walipokuja kuruka Leyte kule Ufilipino Desemba 1944 vita ilikuwa imeshawaelemea.

Ombi langu mrekebishe ile sentensi, na mkirudia makala wekeni picha ya kiungo chenyewe kwa karibu, kabari ikiwa imetolewa nusu, badala ya ile ya askari wamejipanga mstari. Vijana wetu wanaosomea ufundi VETA wakiiona hiyo wataelewa haraka kuliko maneno yangu yote haya.

Mkerezaji wa vyuma, Morogoro