Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Misitu Duniani, 21 Machi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Elimu Kata, Mtendaji wa Kijiji, wahifadhi wetu, wazazi, walimu na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama huku Usambara Mashariki, kwa barabara ambayo sasa umeionja mwenyewe. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya eneo letu hili la Amani ni ndefu. Wajerumani walifungua hapa kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Shule yetu ilizaliwa katikati ya hayo. Hatutakuchosha.

Wengi wa wanafunzi wetu ni watoto wa wachuma chai. Mzazi anaondoka alfajiri, anarudi jioni amechoka. Mtoto aliyefiwa, au ambaye nyumbani kwao hakukaliki, anakuja darasani na mzigo wake na hapati wa kumtua. Ndipo walimu walipoanzisha kipindi cha msituni. Kila Alhamisi darasa moja linavuka mto likiwa na mwalimu wa malezi na askari wa msitu. Kila mtoto ana mti wake. Anakaa chini yake kimya, anasikiliza, kisha anawaeleza wenzake alichosikia na, akipenda, kinachomsumbua. Hesabu tunazifanyia kwenye mbegu za msambu, mti wa asili wa msitu huu.

Mtoto mmoja wa darasa la tatu, ambaye jina lake tunalihifadhi, alifiwa na mama yake akakaa muhula mzima bila kutamka neno darasani. Neno lake la kwanza alilitoa msituni, tena la ubishi. Mwenzake alisema sauti ile ya juu ni ya mbega, yeye akasema, "Siyo, hiyo ni hondohondo." Alikuwa sahihi. Siku hizi kazi yetu ni kumnyamazisha.

Mafanikio ni mengi mno, Mheshimiwa. Utoro wa siku ya Alhamisi umekuwa historia. Wa Jumatatu tunaendelea kupambana nao. Kitaaluma tumepaa kutoka nafasi ya mwisho ya kata hadi ya pili kutoka mwisho. Kitalu chetu cha miche ya asili kimeanza kujulikana kimataifa, kwani wageni wawili kutoka Ulaya waliokuwa wakipita walisimama kukipiga picha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo, lipo jambo moja. Jambo hilo ni kivuko.

Kati ya shule na msitu kuna kijito kinachoteremka kuingia Mto Zigi. Kiangazi mtoto anakivuka kwa kurukia mawe. Masika maji yanafika kifuani kwa mtu mzima, na kipindi cha msituni kinafungwa mpaka mvua zikatike. Mwalimu wa malezi anasema miezi hiyo ndiyo ugomvi na vilio vinaporudi darasani. Tunasikia kwamba Denmark na Ujerumani wako watoto wa chekechea wanaoshinda msituni mwaka mzima, theluji ikianguka. Sisi msitu tunauona dirishani.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza tuliyemsomea alisimama hapo ulipokaa akasema, "Kivuko hiki nakichukua mimi." Tulipiga vigelegele. Wakaja vijana na tepu, wakapima, wakapigilia vigingi vyekundu. Vigingi vipo mpaka leo, rangi ndiyo imetoka. Mgeni wa pili alitushauri tuandike barua. Tuliandika tatu, na mara zote tulijibiwa kwa heshima kubwa kwamba suala letu liko kwenye mchakato. Wanafunzi waliosoma risala ile ya kwanza sasa wako sekondari.

Wananchi hawakukaa bure. Mawe tumesomba, kokoto tumegonga. Mchanga tumeusomba mara mbili, kwa kuwa ule wa kwanza ulichukuliwa na mto wakati tukisubiri. Tunachokosa ni mihimili miwili ya chuma, nondo, saruji na fundi wa kuaminika. Hatuombi daraja la magari. Tunaomba pa kukanyaga, na pa kushika.

Tunakumbusha pia, kwa unyenyekevu, kwamba maji ya Zigi yanakingwa kwenye bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini. Maji uliyonawa uso asubuhi, Mheshimiwa, huenda yalipita kwetu kwanza.

Kama ilivyo desturi, tumekuandalia mche wa msambu uupande. Mti wa mgeni wa kwanza sasa unatupa kivuli, na wa mgeni wa pili umeshampita mwalimu mkuu kwa urefu. Yote miwili imestawi kuliko kivuko. Kwa hiyo kamati imeona leo ratiba ibadilike kidogo: kabla ya mche, chakula na picha ya pamoja, tunaomba utembee nasi hadi mtoni. Ni mwendo wa dakika tano. Mabuti ya mpira ya saizi zote yako kwa mwalimu wa zamu, na mwenyekiti wa kijiji atakuwa na daftari la kuandikia utakachotamka, pamoja na tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Kamati ya Shule, kwa niaba ya wazazi, walimu na wanafunzi.