Kabla ya saini, tupeni maandishi: barua ya wazi kwa Baba Askofu

Baba Askofu,

Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa Kipendano, umoja wa akina mama wa kanisa letu, mlei, mbatizwa wa Kanisa la Muungano la Methodisti tangu nikiwa mikononi mwa mama yangu. Nimeimba korali mpaka sauti ikakauka, nilikuwa mhazini wa parokia yetu miaka tisa, na watoto wangu wote nimewazika au kuwaoza ndani ya kanisa hili. Sijawahi kumwandikia askofu. Kwetu neno hupanda kwa ngazi: linaanza kwa mchungaji, linafika kwa msimamizi wa wilaya, ndipo liende kwako. Nimezipanda ngazi hizo mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri. Sasa naandika mbele ya watu, ili wenzangu waone nilichokuambia na wanisahihishe nikikosea.

Ilikuwa Jumamosi, tunafagia kanisa kwa ajili ya ubatizo wa kesho yake. Akaja mgeni na mkoba. Alisalimia vizuri, akaomba sala, kisha akasema Wamarekani wamekwisha kuliuza kanisa, na kwamba muda si mrefu tutaletewa mchungaji mwanaume aliyeoana na mwanaume mwenzake. Anayekataa aandike jina lake hapa. Baba, nani pale angekataa kuandika? Watu thelathini na kitu waliandika, wazee wawili wakabonyeza kidole gumba. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi niliipiga picha kwa simu kwa sababu ya tabia ya uhazini tu, siachi karatasi ipite bila nakala. Jioni mjukuu wangu anayesoma chuo akanisomea. Juu ya ndoa hapakuwa na hata mstari mmoja. Karatasi ilisema kwamba sisi waumini wa parokia tunaomba kuhamia kanisa jingine, sisi pamoja na kiwanja na jengo.

Tulipopeleka habari hiyo juu, jibu lilirudi kwa mdomo, fupi: msiwasikilize hao, hakuna kilichobadilika.

Na hilo nalo halikuwa kweli. Ndiyo sababu ya barua hii. Mgeni alitudanganya ili tutoke, na wa nyumbani wametuficha ili tukae. Wote wawili wanaamini jambo moja juu yetu: kwamba mlei wa Katanga akiambiwa kweli yote hataweza kuibeba.

Basi niseme ninachokijua, nilichokitafuta mwenyewe kwa msaada wa mjukuu, maana hakuna aliyekuja kutusomea. Mkutano Mkuu wa kanisa letu, ule wa dunia nzima unaotunga sheria zake, ulikaa Charlotte, North Carolina, Marekani, kuanzia 23 Aprili hadi 3 Mei 2024. Katazo la kuwawekea mikono wachungaji wanaoishi katika mapenzi ya jinsia moja, lililokuwapo tangu 1984, liliondolewa kwa kura 692 dhidi ya 51. Siku iliyofuata yakaondolewa katika Kanuni za Kijamii, yaani mafundisho ya kanisa juu ya maisha ya jamii, maneno ya 1972 yaliyosema kwamba mwenendo huo haupatani na mafundisho ya Kikristo: kura 523 dhidi ya 161. Hilo ni badiliko, na ni kubwa. Mtu akimwambia mama wa Kipendano kwamba hakuna kilichobadilika, siku atakayoziona namba hizi kwenye simu ya mwanawe hatamwamini tena hata akisoma Zaburi.

Lakini kuna na yasiyobadilika, na hayo pia mgeni wa Jumamosi hakuyataja. Zile Makala 25 za Imani, karibu zote kutoka kwa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, hazikuguswa: Utatu, ufufuo, neema, Maandiko, viko palepale. Mchungaji asiyetaka kufungisha ndoa ya watu wa jinsia moja halazimishwi, wala haadhibiwi kwa kukataa. Na hapa kwetu hata angetaka asingeweza, kwa kuwa Katiba ya nchi yetu, Kongo, ya 2006, ibara ya 40, inaitambua ndoa ya watu wa jinsia tofauti tu. Ninyi maaskofu wa Afrika wenyewe, wengi wenu, mlikutana Luanda Septemba 2022 mkasema mnabaki katika kanisa hili na kwamba ndoa za jinsia moja hamziungi mkono. Tamko lile lilikuwa jema. Lilifika kwetu? Mimi nililisoma miaka miwili baadaye.

Liko na jingine ambalo lingewafurahisha akina mama kama wangeambiwa. Pale Charlotte, wakati maelezo ya ndoa yalipokuwa yakiandikwa upya, aliyesimama na kuomba maneno ya mwanaume na mwanamke yawekwe ndani yake alikuwa mjumbe mlei wa Zimbabwe, mama, hakimu kwa kazi yake. Mkutano ukakubali: maandishi sasa yanataja mwanaume mtu mzima na mwanamke mtu mzima, au watu wawili watu wazima waliokubaliana. Wapo watakaosema ni maneno ya kuridhisha pande mbili, na mimi ni mmoja wao. Ile "au" inanikwaza. Lakini ni mlei wa Afrika aliyeinuka, na neno lake likaingia kitabuni. Wajumbe wengine wa bara letu hata hawakufika kusema neno, walikwama kwenye viza.

Msimamo wangu mimi usifichike. Naamini ndoa ni ya mume na mke, na sitaki kutoka katika kanisa hili. Kuna watakaosema hivyo viwili haviwezi kukaa katika moyo mmoja. Babu yangu mzaa baba alikuwa na wake wawili alipoupokea ujumbe. Alichoma matofali ya kanisa la kwanza la kijiji chao, akaezeka, akapiga ngoma ya kuwaita watu kila Jumapili, na Meza ya Bwana hakuikaribia hata siku moja, kwa sababu hakukubali kumfukuza bibi mdogo na watoto wake. Watu walibishana sana juu yake. Wengine walisema anaonewa, wengine walisema sheria ni sheria. Alikufa wakiwa bado wanabishana, na waliombeba kwenda kaburini walikuwa wa pande zote mbili.

Tena, Baba, sisi Wamethodisti wa Kongo tulikwisha kugawanywa mara moja kwa ugomvi wa watu wengine, na sijui kwa nini hadithi hii haihubiriwi. Mwaka 1844 kanisa la Marekani lilipasuka kwa sababu ya Askofu James Andrew wa Georgia, aliyekuwa na watumwa. Wa Kaskazini walimtaka aachie kazi hadi awaache huru, wa Kusini wakamtetea, wakaunda kanisa lao mwaka uliofuata. Halafu makanisa yote mawili yakaja kwetu, kila moja kwa njia yake. Lile la Kaskazini lilikuja Katanga na akina John Springer na mkewe Helen, katika nchi ya Walunda. Lile la Kusini lilipitia Kasai: Askofu Walter Lambuth pamoja na John Wesley Gilbert, mwalimu mweusi aliyezaliwa na wazazi watumwa, walifika kwa chifu Wembo Nyama mwanzoni mwa 1912, na misheni ikafunguliwa 1914. Kwa hiyo babu zetu wa Katanga na ndugu zao Watetela wa Sankuru walikuwa Wamethodisti wa makanisa mawili kwa ajili ya watumwa wa askofu ambaye hawakuwahi kumwona.

Mwaka 1939 wakapatana kule, na sisi tukapatanishwa huku. Hata mapatano yale yalikuwa na mwiba: ili wazungu wa Kusini wakubali, waumini weusi wa Marekani waliwekwa katika kanda yao peke yao, wakatengwa ndani ya kanisa lao wenyewe mpaka 1968. Hapa kwetu tulikuwa tumekwisha kumpata askofu wetu wa kwanza Mkongomani, John Wesley Shungu, mwaka 1964. Lakini tulipogawanywa hatukuulizwa, na tulipounganishwa hatukuulizwa. Nikiona leo mtu anatushika mkono kutuvuta mlango huu, na mwingine anatushika kanzu kutuzuia, na hakuna aliyekaa nasi tukasoma, najua ni njia ileile.

Wale wa Marekani waliotoka walikuwa na utaratibu. Kuanzia 2019 hadi mwisho wa 2023 kanisa la mahali lilipiga kura, likalipa linachodaiwa, likaenda na jengo lake. Zaidi ya makanisa 7,600 yalitoka hivyo, na mengi yakajiunga na lile Kanisa la Methodisti la Ulimwengu lililoanza 1 Mei 2022. Mlango huo kwetu haukufunguliwa. Ndugu zetu wa Côte d'Ivoire waliamua wenyewe, wakatoka 28 Mei 2024 wakiwa zaidi ya milioni moja. Siwahukumu, angalau walikaa mkutanoni wakasema kwa sauti. Kinachonitisha ni kutoka kwa karatasi ya Kiingereza siku ya kufagia.

Kuhusu mali nisiseme mengi, wanasheria wapo. Kiwanja chetu kiko kwa jina la kanisa na mwakilishi wa kisheria anajulikana. Ila mabati ya paa lile yalinunuliwa kwa pesa nilizozihesabu mimi, franka kwa franka, za wauza sombe na wachimbaji. Madarasa ya Wesley yenyewe, vile vikundi vidogo vya waumini, yalianza hivyo, Bristol, 1742: walikuwa wakitafuta namna ya kukusanya senti ya kila wiki kulipa deni la jengo, na mkusanyaji alipoingia nyumba kwa nyumba akakuta watu wana shida za roho. Senti ilitangulia, mazungumzo yakafuata. Kwetu senti inakusanywa kila Jumapili, na mazungumzo bado tunayangoja.

Nimefika kwenye ombi. Novemba 2025 ilitangazwa kwamba mikutano ya mwaka, ile ya wachungaji na walei wa kila eneo, duniani kote imepitisha mpango wa kanda, kwa zaidi ya zile theluthi mbili zinazotakiwa. Kama nimeuelewa, tangu sasa kila kanda ina haki ya kuandika sehemu za Kitabu cha Nidhamu, kile cha sheria za kanisa, kwa mazingira yake: Wamarekani waandike yao, na sisi wa Kongo tuandike yetu. Baadhi yenu mmeufurahia kwa sababu Charlotte haitatuandikia tena mambo ya ndoa. Mimi naufurahia kwa sababu nyingine: hakuna tena wa kusingizia. Litakaloandikwa litaandikwa hapa, kwa mkono wetu.

Na mkono huo ni wa nani? Sheria yetu inataka katika Mkutano wa Mwaka walei wawe sawa kwa idadi na wachungaji. Viti vipo, sikatai. Lakini nimeona jinsi mjumbe mlei anavyopatikana. Mchungaji anamtaja baada ya ibada, watu wanapiga makofi, anapewa nauli. Anafika mkutanoni hajui kitakachopigiwa kura, anamtazama msimamizi wake, msimamizi akiinua mkono naye anainua. Mwaka ule parokia jirani ilipompeleka mwalimu aliyeuliza maswali matatu mfululizo, mwaka uliofuata jina lake halikutajwa tena. Labda ni bahati tu. Nimeandika labda.

Kwa hiyo naomba, Baba, wewe na maaskofu wenzako: yaliyopitishwa Charlotte yatafsiriwe kwa Kiswahili, yale yanayotuhusu tu, si kitabu kizima. Yasomwe katika kila parokia kabla ya mtu yeyote kuombwa saini au kura, na anayesoma aruhusu maswali, hata ya vijana, ambao wengine wao wana mawazo yasiyo kama yangu na wananyamaza kwa woga. Mjumbe mlei achaguliwe kwa kura za waumini, arudi atuambie alipiga kura gani. Na yule aliyeuliza asihamishwe wala kusahauliwa.

Wale thelathini na kitu walioandika majina tumekwisha kuwakusanya. Mjukuu aliwatafsiria karatasi ile neno kwa neno. Ishirini na mmoja walitaka majina yao yafutwe. Wengine walisema, hata kama ni hivyo, tunatoka. Tulikaa nao mpaka taa ikaisha mafuta, na Jumapili iliyofuata wote walikuwa ibadani. Barua ya kufuta majina naiambatanisha hapa, pamoja na majina ya wasiotaka kufutwa, kwa idhini yao, ili usikie pande zote.

Mkutano wa parokia tumeuweka Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, saa nane mchana. Ukimtuma mtu, tafadhali aje na nakala za Kiswahili zisizopungua mia moja na ishirini. Mashine ya shule haina wino tangu Krismasi.

Mama wa Kipendano, aliyekuwa mhazini wa parokia
Katanga