Usiliandike jina la Gregori

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, shangazi naye anakusalimu. Naandika kwa haraka kabla kijitabu chako cha Ijumaa Kuu hakijafika kwa mpiga chapa.

Umesema *Christos Paschon*, tamthilia ya Kigiriki juu ya mateso ya Kristo, ni utungo wa Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya 4. Tafadhali ondoa jina hilo, au uandike "inasemekana". Ni kweli nakala za mkono zinamtaja, na André Tuilier alimtetea katika toleo lake la 1969. Lakini hesabu mizani: karibu kila mshororo una 12, kwa desturi ya Wabizanti, yaani Wagiriki wa zama za kati. Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, huzidisha, kwani kanuni zake zilimruhusu kuweka silabi fupi mbili mahali pa ndefu moja. Ndiyo maana wataalamu wengi wanauweka utungo huu karne ya 11 au 12, wala si ya 4.

Ukitaka mtu wa karne ya 4, mtaje Apollinaris wa Laodikea. Sozomen, mwanahistoria wa Kanisa, anasema alitunga tamthilia za tanzia kwa kumwiga Euripides, zama za Kaisari Julian. Zote zimepotea.

Utungo wenyewe ni hazina! Takriban mishororo 2,600, na kama theluthi imetoka kwa Euripides: *Medea*, *Hippolytus*, *Bacchae*, *Rhesus*. Mwanzoni mwa *Medea* yaya anatamani jahazi la Argo lisingalipita baharini. Hapa Maria anatamani nyoka asingalitambaa bustanini. Sentensi imeanza vilevile, msiba ni mwingine. Na fikiria: maneno ya Medea, aliyewaua wanawe, yamo kinywani mwa mama anayemlilia Mwanawe! Chapa safu mbili, Euripides kushoto, upigie mstari kila kilichobadilishwa. Bila hivyo wasikilizaji hawataona kazi iliyofanyika.

Yule wa kwaya asiyakate maombolezo ya Maria juu ya maiti. *Bacchae* imepotewa na kipande karibu na mwisho, Agave anapomlilia mwanawe Pentheus, na wahariri hutafuta katika utungo huu wetu mishororo ya kukizibia. Ila usiandike kwamba yote ni ya Euripides. Mtunzi huchanganya tamthilia na kugeuza maneno, hata kupambanua ni kazi ngumu.

Kijitabu kinakwenda lini kuchapwa? Nani atasoma sehemu ya Maria? Padri ameridhia Medea atajwe kanisani? Na Gregori je, utamtoa? Nijibu kabla ya Jumapili ya Matawi.

Wako daima.