Jengo la Sinema Yetu ya Lindi

Lindi Mjini

Sahibu yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikitumaini kwamba wewe na watoto hamjambo huko Tanga. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi.

Uliniuliza habari za sinema yetu. Juzi mwenye jengo alinifungulia mlango kwa dakika chache. Sasa ni ghala, na magunia ya ufuta yamepangwa hadi pale lilipokuwa pazia. Lakini ukigeuka na kutazama ukuta wa nyuma, juu, yale matundu mawili ya mashine za kuonyeshea picha bado yapo.

Vijana wa hapa husema kwamba televisheni ndiyo iliyoiua sinema. Maneno hayo huniuma, kwa sababu televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na wakati huo milango yetu ilikuwa imekwisha kufungwa. Sinema ya Lindi iliishi na kufa kwa kutegemea vitu vilivyotoka mbali. Wewe unakumbuka, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, jinsi masika yalivyoikata barabara ya Rufiji, na picha mpya ikabidi ingoje meli, hata picha za Kihindi za Raj Kapoor zikatufikia tukiwa tumeshasimuliwa na mabaharia mwanzo hadi mwisho. Hayo tuliyavumilia. Kilichotushinda ni miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipoadimika nchini. Vipuri havikupatikana, vijiti vya kaboni vya kuwashia taa ya mashine navyo vikawa vya kuhesabu, na mikanda iliyoletwa ilikuwa imechakaa kwa kuzunguka mikoani. Mabanda ya video yalipofika yalikuta ukumbi umekwisha dhoofu.

Anayenijia moyoni zaidi ni fundi wa mashine, Mungu amrehemu. Siku moja aliniruhusu kupanda chumbani kwake. Joto lilikuwa kali, na ndani ya taa vile vijiti viwili viliwaka kwa mwanga mweupe kama wa kuchomelea vyuma, naye akivisogeza kidogo kidogo kadiri vilivyoliwa. Roli moja ya mkanda ilikwenda dakika ishirini hivi, ndiyo maana mashine zilikuwa mbili. Alinionyesha kidoa kilichotokea ghafla kwenye pembe ya juu kulia ya picha, ambacho sisi tulidhani ni uchakavu wa mkanda: kidoa cha kwanza, akawasha mota ya mashine ya pili, sekunde chache baadaye cha pili, akahamisha mwanga. Kule chini hakuna aliyetambua kwamba roli imebadilishwa. Mkanda ulipokatika watu walimpigia kelele na miluzi, lakini usiku ulipokwenda salama sikusikia hata mmoja akimtaja, na jambo hilo bado naliona ni dhuluma.

Umesema utakuja mwezi wa Rajabu. Mwenye ghala amekubali kutufungulia tena. Kama bado unalo lile kopo la vipande vya mkanda, vile alivyovikata fundi alipokuwa akiunga na kututupia dirishani, tafadhali njoo nalo. Nataka tuvitazame juani, mlangoni pale pale, kama tulivyokuwa tukifanya.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Lindi